Kipokezi ndani au dekoda kando? Historia ya swali linalowagharimu wakaaji wa Kindu

KINDU – Anayeingia dukani kununua televisheni katika komini ya Kasuku siku hizi anakutana na swali ambalo wazazi wake hawakuulizwa. Zamani mtu aliuliza bei, akatazama ukubwa wa kioo, akaomba chombo kijaribiwe kwenye jenereta, basi. Leo kuna jambo la nne: je, televisheni hii ina kipokezi cha numeriki ndani yake, au itabidi inunuliwe pamoja na dekoda ya kuweka kando?

Wengi hawalipi swali hilo uzito. Wanaona kioo ni bapa, wanaamini kila kioo bapa ni cha kisasa, wanatoa dola zao na kupanda pikipiki na mzigo mapajani. Hesabu inakuja baadaye, nyumbani, picha inapokataa kutokea. Hapo ndipo fundi anaitwa, na fundi anasema maneno ambayo hakuna baba wa familia anayependa kuyasikia: "Chombo ni kizima, lakini unahitaji kununua kitu kingine."

Swali hili si la mafundi peke yao. Historia ya nchi nyingine, na historia ya Kongo yenyewe, inaonyesha kwamba mahali kipokezi kinapokaa, ndani ya chombo au nje yake, panaamua mambo matatu: nani analipa, nani anashika ufunguo, na nani anabaki bila habari siku habari inapohitajika.

Kipokezi ni nini

Hewani kunapita mawimbi mengi kwa wakati mmoja: ya redio, ya simu, ya televisheni, ya ndege. Kipokezi ni ile sehemu ya chombo inayochagua wimbi moja na kuyaacha mengine yapite. Mtu anayezungusha kitufe cha redio akitafuta RTNC au Radio Okapi anakitumia kipokezi, hata kama hajui jina lake. Hakuna aliyewahi kununua redio kisha akaambiwa kipokezi kinauzwa duka la jirani. Redio na kipokezi chake vilikuwa kitu kimoja.

Televisheni ya zamani, ile ya mfumo wa analojiki, ilikuwa vilevile. Mtu alifunga antene juu ya mti wa mwanzi, akaizungusha mpaka picha ikatulia. Kama mawimbi yalikuwa dhaifu, kioo kilijaa chenga, lakini uso wa msomaji wa habari ulionekana na sauti ilisikika. Mtu alivumilia.

Mfumo mpya, ambao Kinshasa wanauita numeriki na Dar es Salaam wanauita dijitali, hauvumilii hivyo. Picha na sauti zinageuzwa kuwa tarakimu, zinabanwa, na chaneli nyingi zinasafiri pamoja katika nafasi ambayo zamani ilibeba chaneli moja tu. Faida yake ni kubwa: picha safi na chaneli nyingi. Lakini chombo kisichojua kuzisoma tarakimu hizo hakionyeshi hata chenga za maana. Kinakaa cheusi. Kwa hiyo kila nchi iliyohamia mfumo mpya ililazimika kujibu: mamilioni ya televisheni za zamani yafanyiwe nini? Jibu moja ni kutengeneza televisheni mpya zenye kipokezi kipya ndani. Jibu la pili ni kuweka kando ya ile ya zamani sanduku dogo la kutafsiri. Sanduku hilo ndilo dekoda.

Zaire na televisheni za pwani

Wakaaji wa Maniema waliwahi kulipitia tatizo la aina hii kabla neno numeriki halijasikika.

Televisheni ya taifa ilianza kurusha matangazo Kinshasa mwezi Novemba 1966, mwaka mmoja baada ya Mobutu kuchukua madaraka. Miaka kumi baadaye, mwaka 1976, jumba kubwa la Sauti ya Zaire lilizinduliwa Kinshasa, likiwa limejengwa kwa mitambo ya Wafaransa. Zaire ilichukua pia mfumo wa rangi wa Wafaransa, unaoitwa SECAM. Rwanda na Burundi zikawa upande huohuo. Lakini Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia zilifuata PAL, mfumo uliobuniwa Ujerumani.

Maniema iko katikati. Bidhaa nyingi zinafika kutoka Dar es Salaam na Kigoma, zinavuka ziwa Tanganyika hadi Kalemie, kisha zinapanda reli kupitia Kabalo na Kongolo mpaka Kindu. Njia hiyo haiko mbali sana na ile ya misafara ya karne ya 19 iliyoleta Kiswahili hadi Nyangwe na Kasongo. Pamoja na vitenge, baiskeli na sabuni, zilikuja televisheni. Nyingine zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya pwani tu.

Televisheni ya namna hiyo ikifunguliwa kwenye mawimbi ya SECAM, picha inatokea bila rangi, na mahali pa sauti unasikia mvumo tu. Sababu si uchawi wala ubovu. Katika mfumo uliotumika Zaire, sauti iliwekwa megahezi 6.5 kutoka picha. Katika mfumo wa Kenya na nchi nyingi za PAL, iliwekwa megahezi 5.5. Chombo kiliitafuta sauti mahali ambapo haikuwapo. Fundi mwenye ujuzi aliweza kufungua na kubadilisha sehemu ya sauti, lakini kila nyumba ililipa fundi wake.

Dawa ilikuja kutoka viwandani. Makampuni ya Asia yalianza kuuza televisheni za mifumo yote, zenye kipokezi kinachojua PAL, SECAM na hata mfumo wa Marekani. Mnunuzi hakuongeza sanduku, hakuita fundi, hakulipa ada ya mwezi. Baada ya muda watu walisahau kwamba tatizo liliwahi kuwapo. Hili ndilo somo la kwanza: maarifa yakiwekwa ndani ya chombo kiwandani, gharama inakuwa ndogo na inalipwa mara moja. Yakiachwa nje, kila familia inayalipia peke yake.

Marekani ilivyolazimisha viwanda

Somo hilo liliandikwa kuwa sheria mbali sana na Kindu. Marekani, miaka ya 1950, televisheni nyingi zilipokea chaneli za chini tu, namba 2 hadi 13. Serikali ilifungua chaneli mpya za juu, zinazoitwa UHF, lakini aliyetaka kuziona alipaswa kununua sanduku la kugeuza mawimbi. Watu wachache walilinunua. Vituo vipya vikakosa watazamaji, vikakosa matangazo ya biashara, na vingi vikafunga.

Mwaka 1962 bunge lilipitisha sheria inayotaka televisheni zote zipokee chaneli zote. Kuanzia mwaka 1964, kila televisheni mpya ilipaswa kuwa na vipokezi vyote ndani. Haikuwa kazi ya siku moja, maana televisheni za zamani ziliendelea kutumika miaka mingi. Lakini kila mwaka zile zisizoona UHF zilipungua, na vituo vidogo vikapata watu wa kuviangalia.

Miaka 40 baadaye Marekani ilifanya vilevile kwa numeriki. Mwaka 2002 mamlaka yao ya mawasiliano iliamuru kipokezi kipya kiingizwe ndani, kwanza katika televisheni kubwa, kisha katika ndogo, mpaka Machi 2007 zote zikawa nacho. Mitambo mikubwa ya zamani ilizimwa tarehe 12 Juni 2009. Kwa wale waliobaki na televisheni za zamani, serikali ilitoa vocha mbili kwa kila nyumba, kila moja ya dola 40, za kununulia sanduku la kutafsiri. Sanduku hilo lilikuwa daraja tu. Halikuwa na kadi, halikudai malipo ya mwezi, na baada ya kulinunua hakuna kampuni iliyoweza kulifunga.

Tarehe ya Geneva

Kwa upande wa Afrika, saa ilianza kuhesabu mwaka 2006. Mwezi Mei na Juni mwaka huo, nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikutana Geneva chini ya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano. Zilikubaliana kwamba kuanzia tarehe 17 Juni 2015, mitambo ya televisheni ya mfumo wa zamani haitalindwa tena dhidi ya mawimbi ya nchi jirani. Kwa nchi yenye majirani tisa kama Kongo, jambo hilo si dogo. Baadhi ya nchi za Afrika ziliongezewa muda hadi 2020 kwa chaneli za chini.

Sababu moja ya haraka hiyo ilikuwa simu. Nafasi hewani ni kama shamba: ina mipaka. Televisheni ya numeriki inabana chaneli nyingi mahali padogo, na shamba linalobaki linapewa kampuni za simu kwa ajili ya intaneti.

Mwaka 2010 nchi za SADC, Kongo ikiwa mwanachama, zilichagua mfumo mmoja wa pamoja, DVB-T2. Herufi hizo ni ngumu kusoma, lakini anayetaka kununua televisheni anapaswa kuzishika kichwani, hasa ile tarakimu 2 ya mwisho. Nchi za Ulaya zilitangulia kwa mfumo wa kwanza, DVB-T. Ufaransa, kwa mfano, iliuanza Machi 2005. Chombo cha T2 kinasoma mifumo yote miwili. Chombo cha T peke yake hakisomi T2. Ndiyo maana televisheni iliyotumika Ulaya, ikiletwa Afrika kama zawadi ya ndugu au kuuzwa kama kitu cha Ulaya, inaweza kuwa na kipokezi cha numeriki ndani na bado isione kitu.

Tanzania na king'amuzi

Jirani wa mashariki alitangulia. Tanzania ilizima mitambo ya zamani ya Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, miaka miwili na nusu kabla ya tarehe ya Geneva. Mwaka 2013 miji mingine ikafuata: Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi, Mbeya. Ilikuwa ya kwanza katika nchi za Afrika Mashariki bara.

Watanzania walikipa kifaa hicho jina zuri: king'amuzi, kitu kinachong'amua. Jina lilipendwa, bei haikupendwa. Familia iliyokuwa imezoea kuona habari bure kwa antene iliambiwa inunue king'amuzi kwanza. Televisheni zenye kipokezi cha ndani zilikuwa chache sokoni, na aliyekuwa na ya zamani hakuwa tayari kuitupa. Kwa hiyo nchi nzima ilivuka kwa masanduku.

Ahadi ilikuwa kwamba chaneli kuu za nchini zitaonekana bure hata kama mtu hajalipia mwezi. Lakini masanduku mengi yalikuwa mali ya biashara ya kampuni za malipo. Mwaka 2018 jambo hilo lilionekana wazi. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliamuru kampuni kadhaa za ving'amuzi vya malipo ziondoe chaneli za bure za nchini, kwa kuwa leseni zao hazikuwaruhusu kuzibeba. Mzozo ulikuwa kati ya kampuni na serikali. Aliyeumia ni mtu aliyekaa sebuleni: king'amuzi alichokinunua kikaendelea kumwonyesha mpira wa Ulaya na filamu, lakini habari za nyumbani zikapotea, isipokuwa anunue kingine.

Hapo somo la pili linaonekana. Dekoda inaweza kuwa daraja, na inaweza kuwa lango. Daraja ukishalivuka ni lako. Lango lina mtu anayeshika ufunguo.

Kenya: masanduku yaliyozeeka mapema, na siku za giza

Kenya ilianza mapema zaidi, Desemba 2009, kwa mfumo wa kwanza, DVB-T. Baadaye ikaamua kuhamia T2. Uamuzi wenyewe ulikuwa na akili, kwa sababu T2 inabeba chaneli nyingi zaidi. Lakini wale waliokuwa wametii haraka na kununua masanduku ya kwanza walijikuta na vyombo visivyoweza kusoma mawimbi mapya. Aliyekawia alipata nafuu, aliyewahi alilipa mara mbili.

Kisha ukaja mwaka 2015. Makampuni matatu makubwa ya habari, Nation, Standard na Royal Media, yaligombana na mamlaka ya mawasiliano. Yalitaka leseni na mitambo yao wenyewe ya kusambaza numeriki, tena yalitaka muda wa kuleta masanduku yao. Yalilalamika pia kwamba kampuni za dekoda za malipo zilibeba chaneli zao bila ruhusa. Tarehe 14 Februari 2015 chaneli zao zilitoka hewani. Zilirudi mwanzoni mwa Machi, baada ya wiki karibu tatu. Siku hizo zote, chaneli zilizokuwa na watazamaji wengi zaidi nchini zilikuwa kimya, na mwananchi hakujua anunue sanduku la nani. Redio ndiyo iliyoendelea kusema.

Somo la tatu ni la serikali zaidi kuliko la mnunuzi. Kama mfumo haujachaguliwa kwa uhakika, na kama hakuna kanuni inayosema masanduku na televisheni zinazoingia nchini ziwe za aina gani, gharama ya kila kosa inashuka mpaka kwa yule mwenye pesa kidogo.

Na Kongo?

Tarehe 17 Juni 2015 ilipita bila Kongo kuzima mitambo ya zamani nchi nzima. Nchi ni pana, barabara ni chache, umeme haufiki kila mahali, na mashariki vita havikupoa. Kazi ya TNT, kama inavyoitwa kwa Kifaransa, ilianzia Kinshasa na inaendelea kwa mwendo wa polepole.

Kwa hiyo Kindu watu hawakungoja. Wenye uwezo walifunga sahani za satelaiti na kulipia kila mwezi. Wengine wanafunga sahani kubwa na dekoda isiyo na malipo, wanapata chaneli zinazopita bure angani, nyingi za nchi za mbali na lugha za mbali. Wengine wanatumia televisheni kwa kuangalia filamu kutoka kwenye funguo ya USB, basi. Televisheni imo ndani ya nyumba, lakini habari za Maniema hazimo ndani ya televisheni.

Kuchelewa huku kuna hasara, lakini kuna faida moja: makosa ya wengine yanaweza kusomwa kabla ya kurudiwa. Nchi ambayo bado inanunua televisheni zake za kesho inaweza kufanya kama Marekani ya 1962: kutaka kila televisheni mpya inayopita mpakani au bandarini iwe na kipokezi cha T2 ndani. Tangu Julai 2022 Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na majirani hao wana uzoefu wa zaidi ya miaka 10 katika jambo hili. Kanuni ya namna hiyo haihitaji kujenga mnara hata mmoja. Inahitaji kuandikwa na kusimamiwa. Kila mwaka inapokosekana, vyombo vya zamani vinaendelea kuingia, na siku ya kuzima mitambo itawakuta watu hawana kitu.

Hesabu ya nyumbani

Wapo wanaotetea dekoda, na hawakosei kwa kila jambo. Aliye na televisheni nzima ya zamani hana sababu ya kuitupa: dekoda inafungwa kwa zile nyaya tatu, ya njano, nyekundu na nyeupe, na maisha yanaendelea. Dekoda ikiungua, inatengenezwa au inabadilishwa yenyewe. Kipokezi cha ndani kikiharibika, mara nyingi televisheni nzima inapelekwa kwa fundi. Na mfumo ukibadilika tena, ni rahisi kubadilisha sanduku dogo kuliko kubadilisha kioo. Wakenya wa mwanzo walipoteza masanduku. Kama T ingekuwa imefungwa ndani ya televisheni, wangepoteza zaidi.

Lakini Kindu ina hesabu yake ya pekee, nayo ni umeme. Nyumba nyingi zinategemea paneli za jua na batri, au jenereta ya jirani. Dekoda ni chombo cha pili cha kulisha, chenye adapta yake, waya wake na rimoti yake. Wati zake ni chache, lakini kwa batri moja ndogo kila wati ina kazi: taa ya mtoto anayesoma, simu inayochajiwa. Televisheni yenye kipokezi ndani inaondoa mzigo huo, na zile zinazokubali moja kwa moja umeme wa volti 12 zinafaa zaidi kwa nyumba ya paneli. Adapta za dekoda ndizo zinazoungua haraka umeme wa jenereta unapopanda na kushuka.

Mafundi wanapendekeza mambo machache kabla ya kulipa. Kwanza, kusoma katoni na karatasi ya nyuma ya televisheni: kama imeandikwa DVB-T2, kipokezi kipo. Kama imeandikwa DVB-T bila tarakimu 2, au hakuna kitu, hakipo cha kufaa. S2 ni ya satelaiti, na hiyo pia inasaidia, maana mwenye sahani anaweza kuona chaneli za bure bila dekoda. Pili, kutodanganywa na kioo bapa. Kioo ni cha kuonyesha tu, hakipokei. Tatu, kwa dekoda, kuuliza swali moja: nisipolipa mwezi, nitaona nini? Kama jibu ni hakuna, mnunuzi ajue kwamba analipia lango.

Wale waliofika na mzigo mdogo

Kuna watu ambao hesabu hii yote inawapita kando. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, vita vya Kivu vimetawanya familia nyingi, na baadhi zimepata hifadhi Maniema, kwa ndugu au kwa wenyeji waliowafungulia mlango. Mtu anayekimbia habebi televisheni. Habebi dekoda wala sahani. Anabeba watoto, sufuria, nguo, na mfukoni simu.

Kwa familia hizo, kipokezi cha ndani ni jambo la kweli kuliko kwa mnunuzi wa televisheni. Simu nyingi ndogo za vitufe zina kipokezi cha FM ndani yake. Waya wa masikio ndio antene. Unachomekwa, kituo kinatafutwa, na habari inasikika bila megabaiti, bila kadi, bila ruhusa ya kampuni yoyote. Baadhi ya simu kubwa za kisasa hazina kipokezi hicho. Zinasikiliza redio kwa intaneti tu, na intaneti ikikatika, au salio likiisha, zinanyamaza. Anayeuza simu ndogo ili aongeze pesa anunue kubwa afadhali aulize kwanza kama FM imo.

Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, nchi ikiwa imegawanyika kati ya majeshi, na Kindu ni moja ya miji yenye kituo chake. Ilifaulu kwa sababu mashine ya kuisikiliza tayari ilikuwa mikononi mwa watu. Hakuna aliyehitaji sanduku jipya ili asikie kama barabara imefunguliwa au kama ndugu wanatafutwa.

Na kwa msikilizaji anayejiuliza kama redio yake nayo itazimwa siku moja kama televisheni za zamani: makubaliano ya Geneva ya 2006 yalihusu mawimbi ya televisheni. FM, kati ya megahezi 87.5 na 108, hayakuigusa. Redio ya betri iliyonunuliwa kabla ya vita itaendelea kufanya kazi Kindu, Alunguli, Kasongo au Punia, popote mawimbi yanapofika. Ikiwa familia ina pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu, betri za redio hiyo zitangulie, televisheni ingoje.